Lebo na Uongo: Mhusika, Toni na Dhamira katika Notre-Dame du Nil na Ufundishaji wa Riwaya Nchini Rwanda

Utangulizi

Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Kwa uamuzi huo, mwanafunzi wa Kigali anaweza leo kumsoma mwandishi wa nchi yake katika tafsiri ya Kiingereza ya kitabu kilichoandikwa kwa Kifaransa, kuhusu wasichana ambao lugha yao ya nyumbani ni Kinyarwanda. Ndivyo ilivyo kwa riwaya ya Scholastique Mukasonga, Notre-Dame du Nil, iliyopata tuzo ya Renaudot mwaka 2012. Tafsiri yake ya Kiingereza, Our Lady of the Nile, ilitolewa mwaka 2014.

Makala haya yanaichunguza riwaya hiyo kwa kuzingatia vipengele vitatu vinavyotawala somo la fasihi katika Kiingereza: mhusika, toni na dhamira. Hoja yetu ni kwamba desturi ya kuvitenga vipengele hivi katika orodha tatu haiitoshelezi riwaya hii. Zaidi ya hayo, desturi hiyo hulirudia kosa linalosutwa na riwaya yenyewe, yaani kudhani kwamba mtu amejulikana mara tu anapobandikwa lebo.

Mhusika: kutoka sifa hadi tendo

Riwaya imejengwa katika shule ya bweni ya wasichana, juu mlimani karibu na chanzo cha Nile, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika darasa la wasichana ishirini, Watutsi ni wawili tu, Virginia na Veronica, kwa mujibu wa mgawo uliowekwa na dola. Hivyo kabla msomaji hajamjua yeyote kati yao, tayari dola imekwisha kuwahesabu.

Mwanafunzi akiulizwa sifa za wahusika, huenda akaandika kwamba Gloriosa ni mkatili, Modesta ni mwoga, na Immaculée ni mpenda urembo. Majibu hayo yana ukweli, lakini hayafiki mbali. Modesta, ambaye mama yake ni Mtutsi, anajibanza kwenye kivuli cha Gloriosa kwa sababu nasaba yake inaweza kumponza wakati wowote. Woga wake, kwa hiyo, ni mkakati wa kuishi. Immaculée naye, aliyeonekana kushughulikia urembo na mvulana mwenye pikipiki, ndiye anayemsaidia Virginia kuokoka wakati wa kuwindwa. Orodha iliyofungwa katika sura za mwanzo haina nafasi ya tendo hilo. Swali lenye tija, basi, ni hili: mhusika anatenda nini pale tendo linapokuwa na gharama?

Toni: kicheko kinachotutega

Msimulizi anaanza kwa sauti ya majivuno, akiisifu shule kwa ubora na kwa kimo chake. Sifa hizo ni kinaya: kadiri shule inavyopandishwa karibu na mbingu, ndivyo inavyokaribia maovu ya nchi iliyo chini yake. Baadaye toni inageuka kejeli. Fontenaille, mzungu mwenye shamba jirani, anamwona Veronica kuwa mungu wa kike Isis na Virginia kuwa malkia wa kale. Msomaji hucheka, lakini njozi hiyo ya kumtukuza Mtutsi kama mgeni kutoka kwa mafarao ni ndugu wa chuki inayotaka kumfukuza kwa hoja ileile ya ugeni.

Hapa istilahi za uhakiki wa Kiswahili zina manufaa. Kinaya, kejeli na tashtiti si kitu kimoja, na mwalimu anayeweza kuzitofautisha hataridhika na jibu kwamba toni ya riwaya ni ya huzuni. Huzuni ipo, lakini inamfikia msomaji baada ya kicheko, naye anajikuta akijiuliza alikuwa akicheka nini.

Dhamira: uongo unapopewa jina la siasa

Gloriosa anachukizwa na pua ya sanamu ya Bikira Maria, kwa kuwa anaiona ni pua ya Kitutsi, naye anapanga kuibadilisha. Mpango wake unapomletea matatizo, anadai kwamba yeye na Modesta walishambuliwa na maadui wa nchi. Wakubwa wanauamini uongo huo kwa sababu unawafaa. Gloriosa mwenyewe haukubali kuwa uongo. Kwake hiyo ni siasa.

Tukio hili linaunganisha vipengele vyote vitatu. Mhusika ni binti wa mtu mwenye cheo, aliyejifunza kwamba neno lake litaaminiwa. Toni ni ya mzaha, kwani chanzo ni pua ya sanamu. Dhamira ni jinsi jamii inavyozoezwa kuua kwa hatua ndogondogo zinazochekesha. Jibu linalosema tu kwamba dhamira ni ukabila linaueleza ugonjwa bila kueleza njia ya maambukizi.

Hitimisho na mapendekezo

Mukasonga alisoma Notre-Dame de Cîteaux jijini Kigali, akakimbilia Burundi mwaka 1973, na akapoteza ndugu na jamaa 37 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Ukweli huo unaipa riwaya uzito, ila haupaswi kuwa badala ya kuisoma.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, maswali ya mitihani yaache kudai orodha za sifa, yadai maelezo ya tendo, sauti inayolisimulia na maana inayozaliwa kutokana na hayo. Hilo linapatana na mtaala wa mwaka 2015 unaozingatia umahiri. Pili, wanafunzi waruhusiwe kujadili riwaya kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Mwanafunzi asiye na msamiati wa kutosha hukimbilia lebo iliyo karibu, na historia ya nchi hii imekwisha kuonyesha gharama ya lebo.