Kulifungulia Joto Njia

Katika maduka mengi ya steshenari ya Dar es Salaam, hasa kuanzia Novemba hadi Machi, utaikuta kompyuta ya mezani imevuliwa ubavu, nyaya zake ziko wazi, na feni ya mezani imeelekezwa tumboni mwake. Mwenye duka ana sababu. Mashine ilikuwa ikijizima katikati ya kazi huku mteja amesimama akisubiri barua yake ya maombi, na dawa iliyokuwa karibu ndiyo hiyo. Kwa siku kadhaa joto hupungua kweli. Kisha vumbi la barabarani linalopulizwa humo hujaa kwenye mapezi ya alumini yanayoipoza prosesa, na mashine inaanza tena kujizima, safari hii ikiwa chafu kuliko mwanzo.

Ninaandika kumsifu fundi anayefanya kinyume chake. Yeye huurudisha ubavu wa kasha mahali pake, hukaza skrubu, na bado mashine inapoa. Ufundi wake hautajwi sana. Wateja humlipa aweke Windows, aongeze memori au afufue diski. Wanaomlipa apange hewa ni wachache. Kwangu huu ni miongoni mwa ufundi ulio safi kabisa katika kazi za kompyuta, kwa kuwa umesimama juu ya ukweli mmoja usioyumba. Ndani ya kasha hakuna kinachotengeneza baridi, na feni nayo haitengenezi. Feni husogeza hewa, hewa hulibeba joto, na joto hutoka. Kazi yote ya fundi ni kulifungulia joto njia.

Joto lenyewe halikwepeki. Karibu umeme wote unaoingia kwenye prosesa huishia kuwa joto. Hesabu hufanyika, picha huonekana, lakini kila wati iliyoingia lazima itafutiwe mahali pa kutokea. Pentium ya kwanza, ya mwaka 1993, ilitumia wati zipatazo 15 na watu wakaiona ya moto. Core i9-13900K ya mwaka 2022 inaruhusiwa kufika wati 253, na kadi ya grafiki ya RTX 4090 ya mwaka huohuo imepewa kiwango cha wati 450. Tuziache hizo za wenye uwezo. Chukua mashine ya kijana anayehariri video za harusi, inayotoa wati 300 ikiwa kazini. Ukitaka hewa itokayo nyuma isiizidi ile iingiayo mbele kwa zaidi ya nyuzi 10, huna budi kupitisha lita 26 hivi za hewa kila sekunde. Kwa saa moja hizo ni zaidi ya meta za ujazo 90, yaani hewa yote ya vyumba viwili vya meta nne kwa nne, ikipita ndani ya sanduku ambalo mtu mmoja analibeba.

Naipenda hesabu hiyo kwa sababu inaondoa dhana kwamba kuna mashine zilizoandikiwa kuwa moto. Kuna joto la kiasi kinachojulikana, na kuna hewa inayotosha au isiyotosha kulibeba.

Hata kampuni kubwa zililipa ada kulijifunza somo hili. Mwaka 1980 Apple ilitangaza Apple III, na Steve Jobs alikuwa ameshikilia kwamba isiwe na feni, kwa kuwa hakutaka kelele. Kasha zito la alumini ndilo lililotegemewa kutoa joto. Mashine ile ilisumbua sana. Chipu zililegea katika soketi zake, na watumiaji wakashauriwa waiinue kompyuta inchi chache na kuiachia idondoke mezani ili chipu zikae sawa. Mwaka 2003 kampuni hiyohiyo ilitoa Power Mac G5 yenye feni tisa, zilizogawanywa katika kanda nne, kila kanda na mkondo wake wa hewa na kasi yake. Utulivu ambao Jobs aliutafuta kwa kuzikataa feni ulikuja kukaribiwa kwa kuzipanga nyingi zizunguke polepole.

Intel nayo iliusaka mkondo ulionyooka. Ilikuwa imeanzisha mpangilio wa mazabodi na kasha uitwao ATX mwaka 1995, na katika miaka ya mwanzo ya 2000, Pentium 4 zilipozidi kuwaka, ikaleta mpangilio mwingine, BTX. Humo prosesa iliwekwa karibu na uso wa kasha, ikiwa na feni kubwa mbele yake na handaki la plastiki la kuiongoza hewa moja kwa moja. Mwaka 2006 Intel ilitangaza kuuacha. Lakini Dell ilikuwa imekwisha kuutumia katika baadhi ya OptiPlex zake, na OptiPlex zilizotumika ni mashine zinazojulikana sana katika maduka na ofisi zetu. Fundi asiyejua hulitupa lile handaki akidhani ni kifuniko tu cha kuficha nyaya. Anayejua hulisafisha na kulirudisha, kwa kuwa bila hilo feni inapuliza kila upande na prosesa inabaki na mabaki.

Hapo ndipo kiini cha ufundi wenyewe kilipo: kuiona njia kabla ya kununua chochote. Mkazi wa Pwani analijua jambo hili kutokana na nyumba yake. Chumba chenye dirisha moja hufukuta hata kama nje kuna kusi kali. Fungua mlango unaoelekeana na dirisha, upepo unapita. Kasha la kompyuta nalo linataka mlango na dirisha. Hewa iingie mbele, chini, mahali ilipo baridi zaidi; ipite kwenye kadi ya grafiki na prosesa; itoke nyuma na juu. Feni mbili za kuingiza na moja ya kutoa zinawatosha watu wengi. Mwelekeo wa feni husomeka kwenye fremu yake, na pasipokuwa na mshale, upande wenye vile vikono vinavyoshikilia mota kwa kawaida ndio hewa inakotokea. Jambo dogo hilo likikosewa, feni mbili hushindana na hewa hubaki ikizunguka palepale.

Mambo ya hila zaidi huja baadaye. Feni ya juu iliyowekwa mbele mno huivuta hewa baridi na kuitupa nje kabla haijafika kwenye prosesa, ndiyo maana kuna nyakati ambapo kuondoa feni kunapoza kuliko kuongeza. Nyaya zilizorundikana katikati ya kasha hupitishwa nyuma ya bamba linaloshikilia mazabodi. Na kasha likisukumwa hadi ukutani, au likifungiwa kwenye kabati la meza, hunywa tena moto uleule lililoutoa.

Kuna mafundi wanaoijaribu njia kwa kijiti cha udi. Hukiwasha, hukishika mbele ya kasha pasipo kuacha majivu yaingie, na kuutazama moshi. Moshi unaoingia mbele na kutoka nyuma kwa mstari ni ushahidi tosha. Moshi unaosita, au unaorudi kupitia nyufa za pembeni, unaonyesha mahali kazi ilipobaki. Ninaupenda uchunguzi huu kwa sababu unaifanya hewa, kitu kisichoonekana, kionekane kwa gharama ndogo kabisa, na kwa sababu mteja naye anaona na kuelewa alicholipia.

Kisha kuna feni yenyewe, chombo kinachostahili heshima. Kutengeneza feni nzuri ni kazi ya vipimo vidogo mno. Noctua, kampuni ya Austria, ilipotoa NF-A12x25 mwaka 2018, ilikuwa imelibana pengo kati ya ncha za mapanga na fremu likawa nusu milimita tu, na kwa ajili hiyo ikatumia plastiki maalumu isiyotanuka ovyo inapozunguka. Pengo likiwa pana, hewa hurudi nyuma kupitia ukingoni, na feni huchoka bure. Lakini si kila mahali panahitaji feni ya aina moja. Mapanga yanayosogeza hewa nyingi mahali palipo wazi yanaweza kushindwa mbele ya chujio au mapezi yaliyosongamana, ambako kinachotakiwa ni msukumo. Fundi mzuri husoma tarakimu zote mbili, kiasi cha hewa na nguvu ya kusukuma, kisha hukumbuka kwamba kiasi kilichoandikwa kwenye boksi kilipimwa bila kizuizi chochote.

Kanuni moja ya feni naiona tamu kuliko nyingine zote. Ukipunguza kasi kwa nusu, hewa hupungua kwa nusu, lakini nguvu inayohitajika kuizungusha hushuka hadi sehemu moja ya nane, na kelele huanguka sana. Kwa hiyo feni mbili za milimita 140 zinazokwenda taratibu zinaweza kupitisha hewa ambayo feni moja ndogo huipitisha kwa kupiga mayowe. Polepole ndiyo mwendo, na hapa msemo huo unathibitishwa na hesabu. Feni za waya nne huwezesha mazabodi kuipanga kasi kufuatana na joto, na fundi mwenye kujali huchora mpango wa kupanda kwa ulaini, ili feni zisipande na kushuka kila mtu anapofungua ukurasa mpya.

Yote haya yana uzito mkubwa zaidi huku kwetu. Mashine inayopozwa kwa hewa haiwezi kuwa baridi kuliko chumba ilimo. Majaribio mengi ya kompyuta yanayochapishwa hufanywa katika vyumba vya nyuzi 20 na kidogo, na Machi ya Dar es Salaam au Mombasa hufika nyuzi 32 bila shida. Prosesa inayoizidi hewa ya chumba kwa nyuzi 50 itasoma 71 katika chumba cha nyuzi 21, na kwetu itasoma 82. Prosesa nyingi za sasa zimewekewa ukomo wa nyuzi 95 au 100, na zikiufikia hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Nafasi ya makosa aliyonayo fundi wa kule ni pana. Fundi wa Pwani hufanya kazi kwenye kipande chembamba, na akifanikiwa, amefanikiwa katika mtihani mgumu zaidi.

Kuna vumbi pia, na karibu na bahari kuna unyevu wenye chumvi unaolifanya vumbi hilo ligande. Dawa yake ni kuingiza hewa nyingi kidogo kuliko inayotolewa, kupitia wavu unaoosheka. Hapo hewa hutokea kwenye nyufa badala ya kuingilia humo, na vumbi hukusanyika mahali pamoja panapofikika. Kusafisha nako kuna adabu yake. Bloa lisipulize feni ikizunguka yenyewe; mapanga hushikwa kwa kidole, kwa kuwa kuizungusha feni kupita kasi yake huharibu beringi, na mota inayozungushwa kwa nje yaweza kurudisha umeme kwenye mazabodi. Pesti ya joto iliyokauka juu ya prosesa hufutwa kwa spiriti, kisha huwekwa mpya kidogo tu, kiasi cha punje ya njegere, kwa sababu kazi yake ni kujaza mashimo madogo yasiyoonekana kati ya chuma na chuma.

Baada ya mikono huja kipimo. Fundi ninayemsifu huandika joto la chumba, huipa mashine kazi nzito kwa nusu saa, na kuandika joto la prosesa. Hubadilisha kitu kimoja tu, hupima tena, na hulinganisha tofauti kati ya mashine na chumba, ili asubuhi ya mvua isimdanganye kwamba feni mpya imefanya maajabu. Programu za kusoma joto ni za bure. Kinachokosekana kwa wengi ni subira ya kutobadilisha mambo matatu kwa mpigo.

Faida ya subira hiyo hupimwa kwa miaka. Kapasita za elektroliti zilizomo kwenye pawa saplai na kwenye mazabodi nyingi hufuata kanuni inayojulikana sana kwa wahandisi: kila zikipungua nyuzi 10, maisha yake hukaribia kuongezeka maradufu. Katika nchi ambazo shule, zahanati na ofisi za kata hutegemea kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine, nyuzi 10 ni mwanafunzi wa mwaka kesho kuikuta mashine ikiwaka. Hakuna kipuri kipya kinachotoa faida kama hiyo kwa bei ya feni mbili na saa moja ya kazi makini.

Kwa hiyo ningependa kila kijana anayejifunza ufundi wa kompyuta aanzie hapa, kabla ya programu na kabla ya kubadili vipuri. Ajifunze kuuliza hewa inaingilia wapi, inapita wapi, inatokea wapi, na ajibu kwa kipimo. Akilizoea swali hilo, hatamwambia mteja anunue prosesa mpya wakati tatizo ni chujio lililoziba, na mashine atakayoifunga kwa skrubu zake zote itakuwa ushahidi wa kutosha wa kazi yake.