Sauti za Wasichana na Mizani ya Palestrina

Wapo wasemao kwamba Misa za Palestrina, aliyefariki mwaka 1594, ziliandikiwa wanaume na wavulana wasiobalehe, na kwamba kuwapa wasichana ni kuziharibu. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Mwaka 1593 mtawa Raffaella Aleotti wa Ferrara alichapisha mjini Venice kitabu cha nyimbo takatifu za Kilatini. Na katika utawa wake wa San Vito, walioimba na kupiga ala ni wanawake watupu. Papa Pius wa Kumi ndiye aliyeagiza, mwaka 1903, sauti za juu ziimbwe na wavulana. Pius wa Kumi na Mbili akalegeza mwaka 1955.

Huko Njombe na Makambako, kwaya za Kikatoliki na za Kilutheri husimama juu ya sauti ya kwanza na ya pili, nazo ni za wanawake na wasichana. Basi kuuliza kama wanaweza ni kuchelewa. La kuuliza ni namna gani.

Wakiwa wasichana peke yao, njia ni mbili: kuupandisha wimbo mzima, au kuiachia ala sauti ya chini. Mimi naichagua ya pili, kwa sharti moja: kinanda kishike besi tu, kisilete mdundo wake. Muziki huu hauna ngoma ya kuuongoza. Kila sauti huingia kwa zamu na kupumua kwa pumzi yake. Mdundo ukiingia, sauti nne huwa moja.

Jambo zito zaidi ni lugha. Padre Stephen Mbunga, katika kitabu chake cha mwaka 1963, aliutetea muziki wa Kibantu kanisani, na haki ilikuwa yake. Lakini kufasiri maneno chini ya noti za kale ni kazi nyingine. *Miserere nobis* ina mizani sita, na mkazo mkuu wa tano. *Utuhurumie* ina sita, na mkazo wa tano. Hapo Kiswahili chaingia kama mkono katika mfuko wake. *Dominus* ina mizani tatu na mkazo wa kwanza. *Mwokozi* ina tatu, lakini mkazo ni wa pili, na wimbo huchechemea.

Basi pachaguliwe, mahali kwa mahali. Panapokubali, binti wa Makambako aombe rehema kwa Kiswahili. Panapokataa, aimbe Kilatini, ambacho irabu zake tano hakuhitaji kufundishwa: anazo tangu alipoanza kusema.