Fundi Asiyeiamini Jeki

Gari la zamani likiingia gereji ya Voi, fundi anayejua kazi haanzi na injini. Huangalia chini. Udongo wa hapa ni mwekundu, ule ule unaowapaka ndovu wa Tsavo hadi mgeni hudhani wamezaliwa na rangi hiyo, na una tabia mbili. Kiangazi hukauka ukashupaa, nyundo ikiupiga inaruka. Mvua ikinyesha, au hata mtu akimwaga ndoo moja ya maji ya kuoshea injini, ngozi ya juu hulegea, na kitako cha jeki huanza kuzama upande mmoja polepole, bila kelele. Kwa hiyo fundi hukanyaga kwa kisigino, husogea, hukanyaga tena. Akiridhika hulaza ubao mpana au kipande cha bamba la chuma, na hapo tu ndipo jeki hugusa ardhi.

Mtu huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Anayefufua injini iliyozima amekwisha kusifiwa vya kutosha. Wenye magari humpigia simu kutoka Nairobi na humtaja kwa marafiki. Anayeinua gari hatajwi. Mteja amekuja kutia greasi, kubadilisha sili ya gurudumu inayovuja oili, kukagua breki kabla ya kupanda Wundanyi. Kuinuliwa kwa gari hakumo katika hesabu yake. Lakini katika kazi zote za gereji, hiyo ndiyo ambayo fundi akiikosea huenda asipate nafasi ya kuirudia.

Voi hupitiwa na magari ya kila namna. Mji uko kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, kilomita 160 hivi kutoka baharini, na hapa ndipo inapochepuka barabara ya Mwatate, Taveta na mpaka wa Tanzania. Lango la Tsavo Mashariki liko jirani. Ndiyo maana, katikati ya malori na matatu, mara kwa mara huzuka gari-nyumba la zamani: Kombi ya Volkswagen yenye paa la kuinuka, au Land Rover ya miaka ya 60 iliyogeuzwa na kampuni ya Dormobile kule Uingereza, ikatiwa vitanda, jiko, na paa linalofungukia ubavuni kwa turubai la mistari. Wenye magari haya wengine ni wasafiri wanaoshuka Afrika nzima, wengine ni Wakenya walioyarithi. Wengi wao huyapenda kuliko wanavyoyajua.

Land Rover na hifadhi ya Tsavo ni rika moja, zote za mwaka 1948. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kilikuwa haba Uingereza, basi walioibuni Land Rover waliipa bodi ya aloi ya alumini juu ya chesisi ya chuma. Uamuzi huo bado unawasumbua mafundi. Alumini haioti kutu nyekundu. Bodi inang'aa, rangi imesimama, kumbe chesisi iliyofichika chini imekwisha kuliwa. Gari lililoishi Voi lina nafuu, maana hewa ya huku ni kavu. Lililoishi pwani, Nyali au Diani, limekunywa chumvi miaka mingi, na kutu yake huanzia ndani ya boriti za chesisi, mahali ambapo jicho halifiki. Fundi huchukua nyundo ndogo akagonga kidogo kidogo toka mbele hadi nyuma, akitega sikio, kama mama anayechagua tikiti sokoni. Chuma kikilia, anaendelea. Sauti ikiwa imekufa, huchukua bisibisi akachokoa; bisibisi ikizama, hapo jeki haitiwi. Kombi nayo ina hila yake. Kiwandani ilipewa matundu ya mraba chini ya ubavu, ya kuchomekea jeki yake, na hayo ndiyo hujaa matope na kuoza mapema. Mwenye gari amesoma kitabu, anaonyesha tundu kwa kidole. Fundi anatikisa kichwa. Kitabu kilisema kweli mwaka kilipochapishwa.

Halafu kuna nyumba yenyewe. Gari hili limebeba maisha ya mtu: tangi la maji, mtungi wa gesi, friji, vyakula vya makopo, vitabu, betri ya pili. Lita 70 za maji ni kilo 70, na maji hayatulii. Gari likiinama, maji hukimbilia upande ulioinama, yakauongezea mzigo upande usiotaka mzigo. Kule Mariakani malori hupimwa kwenye mizani, ekseli kwa ekseli. Fundi wetu hana mizani. Huchuchumaa nyuma ya gari akatazama springi: zimelala kiasi gani, za kushoto zimelala kuliko za kulia, gari linaegemea wapi. Kisha hutoa masharti. Maji yamwagwe. Mtungi ufungwe. Paa lishushwe, maana upepo wa Voi ukilishika turubai utalisukuma gari zima. Na watu washuke, wote.

Sharti hili la mwisho ndilo huleta ubishi, kwa kuwa mwenye gari-nyumba anajiona yuko kwake. Nimemwona mama mmoja akiendelea kuchemsha kahawa ndani huku gurudumu la nyuma likikaribia kuachana na ardhi. Fundi hakupaza sauti. Aliuacha mpini wa jeki, akafuta mikono, akasogea dirishani. “Mama, shuka kwanza. Kahawa tutainywea huku chini.”

Nikiulizwa ni wapi hasa elimu ya kazi hii inapojitokeza, nitajibu: kwenye handbreki. Watu huamini kwamba ikivutwa, gari limefungwa. Katika Kombi handbreki hushika magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ukiinua nyuma umeiinua na breki yenyewe. Yaliyobaki ardhini ni ya mbele, ambayo hayashikwi na kitu. Land Rover ya zamani ni hatari kuliko hiyo. Handbreki yake haiko kwenye magurudumu. Iko kwenye shafti inayotoka gia boksi kwenda nyuma. Ikivutwa, shafti haizunguki. Lakini kati ya shafti na magurudumu kuna difu, na kazi ya difu ni kuliruhusu gurudumu moja lizunguke tofauti na mwenzake. Sasa inua gurudumu moja la nyuma. Lile lililo hewani liko huru kuzunguka kinyumenyume, na kwa sababu hiyo lililo ardhini nalo liko huru kuviringika mbele. Handbreki imevutwa hadi mwisho na gari linatembea. Hakuna kilichoharibika, kila kifaa kinafanya kazi kama kilivyoundwa.

Basi kabari hutangulia jeki. Magurudumu yatakayobaki chini huzibwa mbele na nyuma, hata pale ambapo uwanja unaonekana sawa. Nati za gurudumu linalotoka nazo hulegezwa kidogo wakati tairi bado limekanyaga ardhi, ili mtu asije akavutana na spana huku gari likiwa juu. Haya huchukua muda, na wakati huo wote mteja haoni kazi yoyote ikifanyika.

Jeki ya oili ni chombo cha kustaajabisha, na sioni aibu kusema hivyo. Blaise Pascal wa Ufaransa alieleza katika karne ya 17 kwamba shinikizo linalotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa huenea kote ndani yake. Mwaka 1795 Joseph Bramah akasajili London mashine ya kukandamiza iliyotumia siri hiyo. Pistoni nyembamba husukuma oili, oili husukuma pistoni pana, na kijana wa miaka kumi na minane anainua tani mbili kwa mkono mmoja. Ila kinachozizuia tani hizo zisirudi chini ni valvu ndogo na sili ya mpira. Mpira huzeeka. Vumbi jekundu huingia. Punje moja ya mchanga ikikaa kwenye valvu, jeki inaweza kushuka kidogo kidogo mtu asitambue, au ikashuka mara moja.

Kwa fundi, kazi ya jeki huishia kwenye kuinua. Kushikilia ni kazi ya stendi, ambayo haina oili wala sili: ni chuma kilichosimama. Huiweka chini ya ekseli, au chini ya boriti ya chesisi iliyopasi mtihani wa nyundo, kisha huishusha jeki taratibu hadi uzito wote ukalie stendi. Halafu hufanya jambo linalowashangaza wateja: hulisukuma gari kwa bega, kwa nguvu, mara mbili tatu, toka ubavuni na toka nyuma. Kwa nini akitikise kitu alichohangaika kukisimamisha? Kwa sababu kama litaanguka, anataka lianguke sasa, yeye akiwa amesimama nje. Ufundi mwingi hudai mtu ajiamini. Huu hudai ashuku, aishuku ardhi, kitabu, handbreki, na mkono wake mwenyewe, na shaka hiyo aibebe kila siku bila kumchosha wala kumtia woga. Naiona ni tabia adimu. Vijana hupewa cheti cha ufundi kwa mtihani wa Grade 3, kisha 2, kisha 1. Sijui kama kuna mtahini anayeweza kuipima shaka.

Stendi zisipotosha urefu, au gari likiwa zito mno, mafundi hutafuta mataruma, zile mbao nzito za kulazia reli. Huu ni mji wa reli. Njia iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa, na mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, Waingereza walianza kujenga tawi kutoka Voi kupitia Maktau kuelekea Taveta, wawakabili Wajerumani. Mwaka uliofuata likaungana na reli ya upande wa Moshi. Wanajeshi wakaleta pia magari ya kivita ya Rolls-Royce kwenye nyika hiyo ya Maktau na Salaita. Fikiria kazi ya kuinua kitu cha aina hiyo porini. Watu wa reli wana mtindo wao wa kuinua behewa au injini iliyotoka njiani: huiinua kidogo, hupanga mataruma mawili kwa urefu, juu yake mawili kwa kukingama, huinua tena, hupanga tena, ili kitu kisiwe na nafasi ya kuanguka zaidi ya unene wa taruma moja. Mtindo huo huo unafaa chini ya lori lolote. Mbao nzito zina jambo jingine jema: huanza kulia kabla ya kupasuka. Tofali la saruji lenye matundu halina adabu hiyo. Litabeba ukuta wa nyumba miaka hamsini, kisha litapasuka ghafla chini ya ncha ndogo ya chuma. Ukiliona chini ya gari, usiingie.

Wapo watakaonikumbusha Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, na jinsi vilima vya Taita vilivyopitiwa na madereva wa sifa. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Tangu 2003 kuna mashindano ya magari ya zamani, nayo hupita huku mara nyingi, na mafundi wao huliinua gari, hulihudumia na kulishusha katika dakika chache. Nawavulia kofia. Lakini wao wanalijua gari moja mpaka nati ya mwisho. Fundi wa Voi hukutana asubuhi na gari asilowahi kuliona, lenye historia isiyosemwa.

Na nikiwa hapo, neno kwa madereva wa barabara kuu. Lori likikwama kati ya Maungu na Manyani, taniboi huruka na mawe kuzuia magurudumu, huweka matawi nyuma kuonya wenzake, na hilo ni jema. Kazi ikiisha huondoka, na mawe yanabaki pale pale kwenye lami, yakimngoja mwenye pikipiki anayetoka shamba usiku. Aliyeinua gari vizuri akaacha jiwe barabarani hajamaliza kazi.

Kushusha kuna utaratibu wake. Jeki hupanda kidogo kuondoa uzito, stendi hutolewa, spana huhesabiwa, watu huitwa mmoja mmoja wasogee, kisha valvu hufunguliwa robo tu. Tairi likishakanyaga, nati hukazwa kwa kuvukana, ya juu na ya chini yake, si kwa kufuatana. Ndipo risiti inaandikwa: greasi, sili mbili, oili ya difu, ufundi. Mteja anauliza kwa nini kazi ya saa moja imekula asubuhi nzima, na anaomba apunguziwe. Ningekuwa mimi, ningeongeza mstari mmoja wa kuinua na kushikilia, nikaudai kama ninavyodai bei ya sili. Fundi hajisumbui na hayo. Anapunguza mia mbili, anafunga mlango wa dereva, anainamia dirishani:

“Ukifika Mwatate, kabla hujaanza kupanda, simama uzitie spana nati zote tena. Na hiyo jeki yako ya chini ya kiti usiiguse. Nimeiangalia, inavuja.”