Nani Aliyeacha Njia?

Lugha ya habari za ajali katika magazeti yetu ina adabu ya ajabu: haimtaji mtu. Basi huacha njia, lori hupinduka, abiria hupoteza maisha. Msomaji huimaliza habari nzima, akajua idadi ya marehemu na hospitali walikolazwa majeruhi, asikutane na mtu hata mmoja aliyetenda jambo.

Lugha hiyo niliifanyia somo zima la uchambuzi wa matini nilipokuwa nikifundisha Kiswahili kidato cha tatu mjini Njombe. Nilichagua ajali kwa sababu moja. Atokaye Njombe kwenda Iringa, Mbeya au Dar es Salaam hupita Makambako, mwendo wa kilometa 60 hivi, ambako barabara ya Songea hukutana na barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Mabasi na malori hupishana hapo usiku na mchana. Hata magazeti tuliyoyasoma darasani yaliletwa na mabasi hayo hayo. Ilikuwa vigumu kumpata mwanafunzi asiye na ndugu safarini.

Basi nilitunga habari ya kufundishia, kwa mtindo ule ule wa magazeti, nikaiandika ubaoni: watu watatu wamepoteza maisha baada ya basi walilokuwa wakisafiria kuacha njia na kupinduka, chanzo cha ajali ni mwendo kasi. Nikawaagiza wapigie mstari kila kitenzi, kisha wajibu swali moja tu: mtendaji ni nani?

Walimpata mtendaji mmoja, naye ni basi. Ndilo lililoacha njia, kana kwamba lilichoshwa na lami likaamua kwenda porini. Kupindua kuna mpinduaji, kupinduka hakuna. Binti mmoja akasema maisha hayapotei kama sarafu iliyodondoka mfukoni. Na huo mwendo kasi, wakauliza, ni wa nani? Ni wa dereva, wa tajiri aliyempangia saa ya kufika, au wa abiria waliopiga kelele gari liongezwe moto? Mabasi yamewekewa kikomo cha kilometa 80 kwa saa. Kikomo hicho kina wa kukivunja na kina wa kukisimamia, na wote wawili hawakuwamo ubaoni.

Ndipo kijana mmoja wa dawati la nyuma akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "mwandishi hakuwapo. Akiandika kwamba dereva ameua, na mahakama haijasema, si atakuwa amemhukumu?"

Swali lile lilikuwa zito, na darasa zima lilinyamaza. Kwa hakika, kauli isiyo na mtendaji huweza kuwa ngao ya haki kwa mtu ambaye kosa lake halijathibitishwa. Je, tuiache kama ilivyo? La hasha. Tulikubaliana kwamba mwandishi asimtaje mkosaji asiyemjua, lakini aulize yanayoulizika: gari lilikaguliwa lini? Dereva alikuwa ameshika usukani kwa saa ngapi bila kupumzika? Barabara hapo ina alama gani? Asipojibiwa, aandike kwamba aliuliza na hakujibiwa. Kunyamaza kwa sababu hujui ni jambo moja. Kunyamaza kwa sababu hukuuliza ni jambo lingine kabisa.

Wanafunzi waliiandika upya habari ile. Hawakumtia mtu hatiani, lakini maswali yalizidi sentensi za mwanzo kwa wingi.

Ndugu msomaji, huenda ukaona kwamba huku ni kushikana mashati juu ya viambishi. Lakini fikiri neno ajali lenyewe. Lina asili ya Kiarabu, na huko humaanisha muda wa uhai aliowekewa mtu, ambao hauongezeki wala haupungui. Ndiyo maana tunasema ajali haina kinga. Msiba ulioitwa kwa jina hilo umekwisha kusamehewa kabla ya kuchunguzwa. Siku ya kufa ameipanga Mungu, sikatai. Lakini breki zilizochakaa hazikupangwa na Mungu. Zilikuwa na mwenyewe, na kulikuwa na aliyeziona akaliruhusu gari liondoke. Msomaji anayejua kuuliza mtendaji ni nani hatatosheka na habari isiyo na watu, na mwandishi atakayejua kwamba ana wasomaji wa namna hiyo atalazimika kwenda kuuliza.