Sauti, Matini na Umiliki: Katharine Hepburn na Ukimya wa Wenyeji katika The African Queen

Ikisiri

Makala hii inahakiki kazi ya Katharine Hepburn (1907–2003), mwigizaji wa Marekani wa jukwaani na katika filamu, kwa kuongozwa na dhana mbili: sauti na umiliki wa matini. Hoja inayojengwa ni kwamba Hepburn alifika kileleni kwa kuimudu sauti yake na kwa kushika hatima ya matini alizoigiza, ilhali filamu aliyokuja kuiigiza Kongo na Uganda mwaka 1951 iliwanyima wenyeji mambo hayohayo mawili. Makala inahitimishwa kwa mapendekezo kwa wapangaji wa sera za lugha na filamu katika ukanda huu.

1.0 Utangulizi

Hepburn alizaliwa Hartford, katika jimbo la Connecticut, mwaka 1907. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake alipigania haki ya wanawake kupiga kura. Alihitimu Chuo cha Bryn Mawr mwaka 1928 na mwaka huohuo akaanza kuigiza kama kazi. Alitwaa Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike mara nne, kwa filamu za Morning Glory (1933), Guess Who's Coming to Dinner (1967), The Lion in Winter (1968) na On Golden Pond (1981). Hakuna mwigizaji mwingine aliyefikia idadi hiyo.

Wasifu wake husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mwanamke mwenye msimamo aliyevaa suruali wakati Hollywood ilitaka gauni. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yanaitazama tabia na kuisahau kazi. Mwigizaji hufanya kazi kwa lugha. Kwa hiyo, swali linalomhusu mtafiti wa lugha ni hili: Hepburn aliisemaje lugha yake, na ni nani aliyekuwa na mamlaka juu ya maneno aliyoyasema?

2.0 Sauti iliyokataliwa na sauti iliyofunzwa

Sauti ya Hepburn ilikuwa kali na ya juu, yenye lafudhi ya tabaka la wasomi wa kaskazini-mashariki mwa Marekani. Filamu yake ya kwanza, A Bill of Divorcement (1932), iliifanya sauti hiyo ijulikane. Mwaka uliofuata, tamthiliya ya The Lake ilipofika Broadway, wahakiki walimdhihaki kwamba hisia zake jukwaani zilikuwa finyu. Mwaka 1938 chama cha wamiliki wa majumba ya sinema kilimtaja miongoni mwa nyota wanaofukuza watazamaji.

Hakuijibu dhihaka kwa kuiacha lafudhi yake. Alijifunza kuitawala. Alipata mafunzo ya sauti kwa Frances Robinson-Duff na baadaye kwa Constance Collier, aliyemwandaa kwa ajili ya Shakespeare. Mwaka 1950 aliigiza Rosalind katika As You Like It huko Broadway, na mwaka 1955 alizuru Australia na kundi la Old Vic la London kwa tamthiliya tatu za mwandishi huyohuyo. Uzeeni, maradhi ya kutetemeka yalipoigusa hata sauti, hakuificha. Katika On Golden Pond mtetemo huo unasikika waziwazi, na umekuwa sehemu ya mhusika. Lafudhi iliyohesabiwa kuwa kasoro mwaka 1933 ilikuwa sasa chombo cha sanaa.

3.0 Umiliki wa matini

Sauti peke yake isingemwokoa. Baada ya pigo la mwaka 1938 alirudi jukwaani katika The Philadelphia Story (1939), tamthiliya ambayo Philip Barry aliiandika akimfikiria yeye. Alikubali kuacha mshahara ili apate sehemu ya mapato. Zaidi ya hayo, haki ya kuigeuza tamthiliya kuwa filamu ilikuwa mikononi mwake, kwa msaada wa Howard Hughes. Kampuni ya MGM ilipoitaka, ilibidi izungumze naye: yeye ndiye angekuwa mhusika mkuu, na mwongozaji angekuwa George Cukor. Filamu ilitoka mwaka 1940 na kumrejeshea hadhi.

Tukio hili ndilo kitovu cha maisha yake ya kisanaa. Kabla yake, Hepburn alikuwa msemaji wa maneno yaliyomilikiwa na wengine. Baada yake, alikuwa mtu ambaye mwenye kampuni hakuweza kumpita. Mkataba, kwa maana hii, ni sehemu ya historia ya fasihi kama ulivyo mtindo.

4.0 Rose Sayer na siasa ya jina

The African Queen (1951), iliyoongozwa na John Huston kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, inasimulia habari za Rose Sayer, dada wa mmisionari katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914, na Charlie Allnut, nahodha wa mashua chakavu. Huston alimshauri Hepburn amchukue Eleanor Roosevelt, akiwatembelea askari majeruhi, kuwa kielelezo cha Rose. Ushauri huo ulimpa ufunguo: ukakamavu wenye tabasamu.

Ustadi wake unaonekana zaidi katika namna ya kuita. Kwa sehemu kubwa ya safari Rose humwita mwenzake kwa jina la ukoo na cheo cha heshima. Baada ya wawili hao kuwa wapenzi ndipo anapomwuliza jina lake la kwanza. Hepburn halitamki swali hilo kama mzaha. Analitamka kwa haya ya mtu anayetambua kwamba amempenda asiyemjua jina. Msomaji wa Kiswahili, anayejua uzito wa kuchagua kati ya Bwana Fulani na jina tupu, ataona kwamba mapenzi yote ya filamu hii yamebebwa na badiliko hilo dogo la usemi.

5.0 Wasiopewa usemi

Hapo ndipo pengo linapojitokeza. Filamu inafungua kanisani. Waumini Waafrika wanajaribu kuufuata wimbo wa Kiingereza na kutoa mvumo usioeleweka; Allnut anapotupa sigara yake, wanaigombania. Muda mfupi baadaye kijiji kinachomwa moto na watu wake wanatoweka katika hadithi. Hakuna hata mmoja anayeulizwa jina lake la kwanza.

Kihistoria, taswira hiyo ina kasoro. Katika koloni hilo Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala wa ngazi za chini na ya shule za serikali. Gazeti la Kiongozi lilikuwa likichapishwa Tanga. Na Biblia ilikuwa imekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili. Sehemu za Kongo zilipigwa picha kando ya mto Ruiki, upande wa Kisangani, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha za mawasiliano. Lugha ilikuwepo katika wakati wa hadithi na katika mahali pa kuipigia picha. Haikusikilizwa.

Yaweza kujibiwa kwamba filamu ya burudani ya mwaka 1951 haikulazimika kufuata uhalisi wa lugha. Jibu hilo linadhoofishwa na filamu yenyewe. Katika riwaya Allnut ni mtu wa London. Kwa kuwa Humphrey Bogart hakuwa na lafudhi hiyo, mhusika aligeuzwa kuwa Mkanada. Matini, basi, ilibadilishwa ili kulinda lafudhi ya mtu mmoja. Uwezo wa kuijali lugha ulikuwepo. Ulitolewa kwa baadhi tu. Hata kumbukumbu za safari hiyo zilibaki upande mmoja: Hepburn aliandika kitabu chake mwaka 1987, na humo Afrika inaonekana kwa macho ya mgeni aliyeugua, akavumilia na kustaajabu.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Kumlaumu Hepburn kwa mswada asiouandika si uhakiki wa haki. Thamani ya maisha yake kwa ukanda huu ni kwamba yanaonyesha, kwa mfano wa mtu mmoja, jinsi sauti inavyolindwa: kwa mafunzo na kwa mkataba. Serikali za ukanda huu zinapowakaribisha watengenezaji filamu wa nje, mazungumzo huelekea kwenye ada, ajira za muda na utalii. Makala hii inapendekeza mambo matatu. Kwanza, vibali vidai mshauri wa lugha pale ambapo wenyeji wanaonyeshwa wakizungumza. Pili, mkataba utoe haki ya kuingiza sauti au manukuu ya Kiswahili, na nakala ihifadhiwe katika nyaraka za taifa. Tatu, waigizaji wa Kiswahili wafundishwe sheria ya hakimiliki sambamba na matamshi.

Mwaka 1939 mwigizaji aliyekataliwa na soko alikubali kukosa mshahara ili asikose matini. Swali lililo mbele ya wapangaji wa sera ni kama wasemaji wa Kiswahili watakaosimama mbele ya kamera kesho watakuwa na cha kushika mkononi.