Sabufa ya Kusikiliza, Sabufa ya Kutikisa

Ingia duka la redio Kasulu au Kibondo uulize sabufa. Muuzaji atafungulia besi hadi mwisho, kisha atakutazama usoni. Vioo vya kabati vikitetemeka, anajua biashara imeisha. Usibishane naye. Mwombe arudishe besi katikati, halafu akuwekee rumba ya OK Jazz ya enzi ambayo Mpudi Decca alishika gitaa la besi.

Hapo ndipo sabufa itajieleza. Nyuzi nne za gitaa la besi, zikipigwa bila kubanwa, hutoa mitetemo 41, 55, 73 na 98 kwa sekunde. Sabufa nzuri inakupa kila noti mahali pake, hata wimbo ukiisha unaweza kuuimba mstari wa besi kwa mdomo. Mbovu ina noti yake moja, "buu, buu", mpigaji apande au ashuke. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye tundu la hewa la boksi: limepimwa ili likuze sauti moja ya kunasa wateja dukani.

Kisha jaribu ngoma. Watu wa nyanda hizi wana bahati, maana ngoma za Waha, na za majirani wa Burundi ambao ngoma yao ya kifalme iliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014, wamezisikia zikipigwa mbele yao, bila waya wala spika. Wanajua mti ukigonga ngozi sauti inatoka mara moja, na inakoma. Sabufa inayoburuta mkia mpaka pigo la pili liikute bado inanguruma, iache hata ikiwa ya bei ya kutupa. Mimi niko tayari kukosa zile sauti za chini kabisa, mradi zilizopo zinyamaze kwa wakati.

Wati 10,000 PMPO zilizoandikwa kwenye katoni ni mapambo. Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma: kama inakula wati 60 za umeme, haiwezi kutoa muziki mfululizo kuzidi hapo. Gonga ubavu wa boksi kwa kidole. Likilia kama debe tupu, ubao ni mwembamba. Seremala atakushawishi akutengenezee boksi la mninga. Mninga kiachie kitanda. Mbao hutanuka masika na kusinyaa kiangazi, viungio vinaachia, hewa inavuja. Plaiwudi nene iliyogundishwa na kukazwa skrubu inatosha kabisa.

Chumba nacho kina makosa yake, pengine makubwa kuliko ya spika. Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 kina takriban mita 3 kila upande. Nusu ya wimbi la sauti lenye urefu wa mita 6 inaingia humo barabara, na wimbi hilo ni la mitetemo kama 57 kwa sekunde, jirani na ule uzi wa 55. Noti hiyo itavimba, na kwa kuwa chumba ni mraba, itavimba mara mbili. Ukiitupia sabufa kwenye kona, kama wengi wanavyofanya, umezidisha. Iweke kwanza juu ya kochi, pale unapokaa, upige rumba ileile, kisha uzunguke umechuchumaa kando ya kuta ukisikiliza. Watoto watakucheka. Pale ambapo nyuzi zote zinasikika sawa, ndipo pa kuiweka.

Kama nyumba haina singibodi, kagua bati kabla ya kumwita fundi redio. Msumari mmoja uliolegea unaweza kunyamaza wimbo mzima, ukalia kwenye noti moja tu, nawe ukadhani koni imechanika. Vioo vya luva vina mchezo huohuo.

Kwa wanaotumia sola, zima wimbo, acha sauti juu, sogeza sikio kwenye koni. Ukisikia "mmm" ambayo haipo sabufa ikichomekwa kwenye umeme wa TANESCO kwa jirani, tatizo ni inveta ya bei rahisi. Badilisha hiyo.