Soksi za Bertlmann: Tashbihi Iliyokubali Kuvunjika

Tashbihi nyingi hutuonesha vitu viwili vinavyofanana. Adimu ni ile inayotupeleka hadi mahali mfanano unapokatika. Ya namna hiyo imo katika insha aliyoitoa John Bell, mwanafizikia mzaliwa wa Belfast, mwaka 1981.

Mwenzake, Reinhold Bertlmann, alizoea kuvaa soksi za rangi mbili. Ukiona mguu mmoja una waridi, papo hapo wajua wa pili hauna. Hapana muujiza, sababu ilipita asubuhi, alipovaa. Ndivyo vilivyo vina vyetu: ubeti haupelekei ubeti mwenziwe habari, bali yote yamfuata mtunzi mmoja.

Je, chembe mbili zilizotengana, ambazo majibu yake huafikiana kila zipimwapo, nazo ni soksi tu? Einstein na wenzake wawili, mwaka 1935, walielekea huko. Bell akahesabu. Soksi zifuliwe kwa nyuzi 0, 45 na 90. Jozi zikiwa sawa, moja hujibu kwa niaba ya mwenziwe. Zinazostahimili 0 na kushindwa na 90 haziwezi kuzidi jumla ya zilizostahimili 0 zikashindwa na 45, na zilizostahimili 45 zikashindwa na 90. Sasa nyuzi ziwe za pembe za kupimia chembe. Nadharia ya kwanta yatoa 0.2500 pale ambapo jumla ni 0.1464 tu! Majaribio ya hesabu za ukoo huu, yaliyotunukiwa Nobeli mwaka 2022, yameiunga mkono kwanta. (Mfasiri ana bahati: nyuzi zetu ni za joto, za pembe, na za soksi pia.)

Bell hakimbilii kusema kwamba hapana sababu. Ataja njia nne: pengine kwanta itakosea mahali, pengine chaguo la mpimaji si huru, pengine athari huishinda nuru kwa kasi, pengine chini ya vitu vikubwa hapana uhalisi wa kuulizia. Kila njia ina gharama yake.

Lawama iwaendee washairi wanaoishika kwanta kuwa ushahidi kwamba nyoyo mbili hupelekeana salamu ng'ambo ya bahari. Mafungamano haya hayabebi hata neno moja: kila mpimaji peke yake aona bahati nasibu tupu, na uafikiano hudhihiri daftari mbili zikutanishwapo. Atakaye kuyaimba na aisome insha hii hadi mwisho, kisha achague njia mojawapo na akubali gharama yake.